Siku 21 Kati ya Dozi na Dozi

ATUPELE: Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe na Kyela. Tuko Mbeya, mvua inapiga bati, mkisikia ngurumo msidhani ni mitambo. Leo tunamzungumzia anayeongoza timu ya uwandani kwenye jaribio la dawa ya saratani. Dokta Mgaya, wengi wanadhani kazi yake kubwa ni siku ya dripu.

MGAYA: Siku ya dripu ndiyo nyepesi, dada Atu. Mgonjwa yuko kitandani, mfamasia yupo, adrenalini ya kumwokoa mwili ukiikataa dawa iko kwenye trei. Kazi yenyewe ni siku 21 zinazofuata, mgonjwa akiwa kwao Isongole au Matamba. Itifaki nyingi, yaani miongozo ya majaribio, huandikwa na watu waliomuwaza mgonjwa anayekaa jirani na hospitali. Hawakuziwaza kona za kutoka Chimala kupanda Matamba wakati wa masika.

ATUPELE: Tuanze na homa basi, maana ndiyo inayoua.

MGAYA: Dawa nyingi za kuua seli hushusha seli nyeupe, na kwa kawaida zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Nyutrofili, zile seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwa chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, mwili hauna askari. Usaha hautungi, kifua kinaweza kusikika kisafi kabisa. Dalili pekee inaweza kuwa joto. Ndiyo maana kila mshiriki anaondoka na kipimajoto, betri imejaribiwa mbele yake, na kadi ya Kiswahili: 38.0 au zaidi, piga simu, hata usiku wa manane.

ATUPELE: Na asimeze panadol kabla ya kupima.

MGAYA: Hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Akimeza, joto linashuka, analala, asubuhi presha imeanguka. Pia wamfundishe na anayekaa naye nyumbani, kwa sababu mwenye homa kali hajisomei kipimajoto. Na akipima kwapani, akumbuke namba ya kwapani huwa chini ya ile ya mdomoni. Ana 37.7 na anatetemeka? Asingoje ifike 38.

ATUPELE: Sasa anafika zahanati. Pale homa ni malaria mpaka ithibitike vingine.

MGAYA: Na Kyela malaria ipo kweli, usimlaumu mganga wa zahanati. Kosa ni kuishia hapo. Kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha malaria, na bakteria nao wakawemo kwenye damu. Kadi imwambie mhudumu mambo mawili. La kwanza, antibayotiki ya sindano ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike, asisubiri gari la rufaa. Itifaki itaje sindano inayopatikana kwenye kituo cha afya, siyo ile iliyoko hospitali ya rufaa pekee. Kiongozi aende mwenyewe kwenye stoo ya kituo akaihesabu.

ATUPELE: La pili?

MGAYA: Dawa mseto ya malaria. Artemeta na lumefantrini zilizomo huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na vidonge vingi vya saratani hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo zinaweza kugombania njia na dawa ikabaki mwilini kupita kiasi. Tena lumefantrini inaweza kurefusha kipindi cha QT, yaani muda ambao umeme wa moyo unachukua kujipanga upya kila pigo, na mapigo yakavurugika, jambo ambalo baadhi ya dawa za saratani nazo hulifanya. Mwenye malaria atibiwe, hilo halina mjadala, lakini simu ipigwe kwa daktari wa jaribio kwanza. Rifampisini ya kifua kikuu ni kinyume chake: inakiamsha kimeng'enya, dawa ya jaribio inaisha mwilini upesi. Mtu atasema dawa haifanyi kazi, kumbe haikupata nafasi.

ATUPELE: Tuje kwenye saa. Hapa mimi ndipo ninapopenda.

MGAYA: Haya, sema wewe.

ATUPELE: Mtoto wa Tukuyu akikwambia amemeza kidonge cha jaribio saa mbili asubuhi, ni saa 08:00. Muuguzi mmoja anaandika 2:00, mwingine 8:00, wa tatu 14:00 akidhani ni mchana. Halafu damu inachukuliwa kupima kiwango cha dawa, na mtaalamu wa takwimu, ambaye huenda hajawahi kusikia saa ya Kiswahili, akisoma ile 2:00 anaona dawa imekaa mwilini saa sita zaidi ya ukweli. Mchoro mzima unapinda.

MGAYA: Na hakuna anayegundua, kwa sababu namba inaonekana ya kawaida.

ATUPELE: Dawa yake ni kutomlazimisha mgonjwa abadili saa. Daftari lake liwe kwa saa yake, na michoro ya jua na mwezi pembeni. Mtu mmoja tu pale kliniki ndiye anayegeuza kwenda saa 24, na anaacha maandishi ya mgonjwa yalivyo. Na muda wa kuchukua damu uandikwe ule wa kweli. Ratiba ilisema 10:00, sindano imeingia 10:17, andika 10:17.

MGAYA: Vidonge pia vihesabiwe. Viwili kwa siku kwa siku 21 ni 42. Ukimpa 48, virudi 6. Kisiporudi hata kimoja usimkaripie, muulize. Huenda alirudia dozi aliyotapika, huenda kuna aliyegawiwa.

ATUPELE: Kuripoti je?

MGAYA: Akilazwa, hata usiku mmoja, ni tukio zito, na mdhamini, yaani kampuni au taasisi yenye jaribio, kwa kawaida anatakiwa kujua ndani ya saa 24. Watu huchanganya uzito na ukali: uzito ni yaliyompata mgonjwa, kama kulazwa, ukali ni daraja la dalili au kipimo. Nyutrofili 400 bila homa ni daraja la 4 kwa ukali, lakini si lazima liwe tukio zito. Na saa 24 zinahesabiwa tangu mtu wa timu asikie. Dereva akiambiwa na mume wa mgonjwa pale Uyole kuwa mama kalazwa, saa imeanza kuhesabu.

ATUPELE: Kwa hiyo dereva naye afundishwe.

MGAYA: Kabla ya wote! Taarifa ya kwanza inahitaji vitu vinne tu: namba ya mshiriki, dawa, tukio, na aliyeripoti. Wengi huchelewa wakisubiri majibu ya maabara. Tuma, mengine yatafuata.

ATUPELE: Na simu ya timu?

MGAYA: Laini mbili za mitandao tofauti, kwa sababu kuna mabonde mtandao mmoja haushiki. Zamu ya kuishika iandikwe ukutani, na salio likaguliwe kila Ijumaa jioni.