Umati Ulitawanyika, Lakini Ulitawanyikaje? Mhadhara Kuhusu Visawe vya Kiingereza vya Kutawanya

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba tuanze na sentensi tatu za Kiingereza. Ya kwanza: "The crowd scattered." Ya pili: "The crowd dispersed." Ya tatu: "The crowd dissipated." Mpe zote mtu mwenye kamusi ya kawaida mkononi na kuna uwezekano mkubwa atakurudishia jibu moja mara tatu: umati ulitawanyika. Hajakosea kisarufi, ila matukio matatu yasiyofanana ameyafanya moja. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, na ndiyo iliyonileta hapa leo.

Tuzitazame kwa karibu. Katika "scattered" kuna mshtuko. Mlio umesikika, au farasi ameingia katikati ya watu, na kila mmoja ametimka na njia yake bila kumtazama mwenzake. Viatu vimebaki uwanjani. Mwandishi hana haja ya kutaja hofu, kwa sababu kitenzi kimekwisha kuibeba. Wanaisimu wengi wanaona kwamba "scatter" na "shatter", yaani kuvunja vipande vipande, ni mapacha waliotokana na neno moja la zamani. Ukilijua hilo, utausikia mpasuko ndani ya neno kila unapokutana nalo.

Katika "dispersed" mambo ni tofauti. Hotuba imekwisha, au amri imetolewa, na watu wanaondoka kuelekea wanakokujua. Umati kama umati haupo tena, lakini kila aliyekuwemo yupo mahali fulani na ana sababu ya kuwa hapo. Mfano mzuri unatoka Uingereza, katika ile Sheria ya Ghasia iliyoanza kutumika mwaka 1715. Palipokusanyika watu 12 au zaidi kwa fujo, ofisa aliwasomea tangazo la mfalme kwa sauti. Tangazo lenyewe liliwaamuru "to disperse themselves", wajitawanye wenyewe, warudi kwa amani majumbani mwao au kwenye shughuli zao halali. Walipewa saa moja. Aliyebaki baada ya hapo alikuwa ametenda kosa lenye adhabu ya kifo. Oneni jinsi kitenzi kilivyochaguliwa. Huwezi kumwamuru mtu "to scatter" na bado ukatarajia utulivu. Sheria ilihitaji neno lenye nidhamu ndani yake, na likapatikana.

Sasa "dissipated". Hapa hakuna aliyeiona saa yenyewe. Shauku imepoa, mmoja kaondoka, wawili wakafuata, na mtu anapogeuka kutazama anakuta uwanja mtupu. Wapo wanaosema neno hili lisitumike kwa watu kabisa, eti ni la moshi na ukungu. Mimi sikubaliani nao. Waandishi wa habari wa Kiingereza hulitumia, na wanapolitumia kwa makini linasema jambo ambalo wale wawili hawawezi kulisema: umati haukufukuzwa wala haukukimbia, ulipungua mpaka ukaisha.

Kwa hiyo wale ninaowafundisha huwapa swali moja la kujiuliza kabla ya kuchagua: kilichotawanyika kinaweza kukusanywa tena? Karatasi zilizopeperushwa sakafuni ni "scattered"; utainama, utaziokota moja moja. Kikosi kilichogawanywa katika vituo mbalimbali ni "dispersed", na kikihitajika kitaitwa kirudi. Moshi uliokwisha kuwa "dissipated" hauna wa kuuita. Swali hili halimalizi kila kitu, lakini linamvusha mwanafunzi sehemu kubwa ya safari.

Wanafizikia ndio walioyatendea maneno haya haki kuliko sisi wa lugha. Walipohitaji istilahi za matukio tofauti waliyachukua maneno yaliyokuwa yakichanganywa mtaani, wakayawekea mipaka. Mwaka 1666 Newton alipitisha mwale wa jua katika mche wa kioo, na upande wa pili ukatoka utepe wa rangi kuanzia nyekundu hadi urujuani. Wao huliita tukio hilo "dispersion". Mwanga umeachana, lakini kwa mpangilio. Kila rangi imepinda kwa kiasi chake na imekaa mahali pake. Mwaka 1871 Lord Rayleigh alieleza kwa nini anga ni ya buluu: chembe ndogo sana zilizomo hewani huurusha mwanga huku na huku, na mwanga wenye mawimbi mafupi, kama ule wa buluu, hurushwa zaidi kuliko mwekundu. Hiyo ni "scattering". Hakuna utepe wala safu, buluu inatujia kutoka kila upande wa anga. Tofauti kati ya mpangilio na vurugu, ile tuliyoiona kwa watu uwanjani, imejitokeza tena kwenye mwanga.

Neno la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Lord Kelvin, aliandika kuhusu "dissipation" ya nishati. Gari likifunga breki, mwendo wake hugeuka joto kwenye breki, na joto hilo likaingia hewani. Nishati haijapotea hata chembe, fizikia hairuhusu hilo. Lakini imesambaa kiasi kwamba hakuna awezaye kuikusanya yote tena ili ilisukume gari lile lile. Kwa maneno mengine, mwanafizikia anajibu swali letu la kukusanya kwa usahihi kuliko kamusi.

Maana ya ufujaji nayo imejengeka papo hapo. Mtu aliyerithi mali akaimaliza kwa anasa, Kiingereza husema "he dissipated his fortune", na maisha ya aina hiyo huitwa "dissipated". Kiswahili kilifika huko huko kwa njia yake. Kutapanya vitu ni kuvirusha ovyo, na kutapanya mali ni kuifuja. Hapa mfasiri ana bahati, jibu lipo tayari mdomoni, wala hana sababu ya kulilazimisha "tawanya" lifanye kazi isiyo yake.

"Dispel" ni la ukoo mwingine. Mzizi wake wa Kilatini ni kusukuma au kufukuza, na kinachofukuzwa kwa kawaida hakishikiki: hofu, shaka, uvumi, dhana potofu. Ukungu unaruhusiwa, umati hauruhusiwi. Pia halikubali kusimama bila mtendwa. Unaweza kusema "the crowd scattered" ukanyamaza, lakini "the fear dispelled" inamkwaza kila mzawa wa lugha ile, kwa sababu anabaki akingoja kujua ni nani aliyefukuza nini. Sisi tuna viambishi vya kazi hii, tawanya na tawanyika, ondoa na ondoka, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba Kiingereza mara nyingi hutumia umbo lile lile kwa mtenda na kwa mtendwa, halafu baadhi ya vitenzi vikakataa katakata.

"Strew" nitalipitia haraka. Jicho lake liko kwenye eneo lililofunikwa kuliko vitu vilivyotupwa, ndiyo maana utalikuta zaidi katika "strewn with": njia imejaa majani, sakafu imejaa vioo. "Disseminate" na "broadcast" yote yana mbegu ndani. La kwanza lina neno la Kilatini la mbegu, na la pili lilikuwa la mkulima anayerusha mbegu kwa mkono shambani kabla redio haijalichukua katika miaka ya 1920. Kwa haya mawili, eneza, sambaza na tangaza vinatosha kabisa.

Lililobaki ni "diffuse", na hapa naomba umakini, maana makosa ni mengi hata kwa wazawa. Asili yake ni kumimina. Tone la wino kwenye glasi ya maji yaliyotulia huanza kama uzi, uzi ukanenepa, kingo zikafifia, na mwisho maji yote yana rangi moja. Wino haukwenda mbali wala haukuisha, umechanganyika na kilichouzunguka. Jirani yake kwa matamshi ni "defuse", kuondoa kiwashio cha bomu, ambalo limepanuka likawa na maana ya kutuliza hali tete. Anayeandika kwamba mpatanishi "diffused the tension" amesema, kwa mujibu wa herufi zake, kwamba mpatanishi aliieneza ile hasira ikamfikia kila mtu chumbani. Ukikutana na sentensi hiyo katika matini unayoifasiri, soma aya nzima kwanza. Mara nyingi mwandishi alikusudia kutuliza, na hapo fasiri alichokusudia.

Nakaribisha maswali.