Kuacha, Kuachia, Kutelekeza: Neno Moja la Kiingereza Mikononi mwa Mfasiri

Walimu wenzangu, wanafunzi wa tafsiri, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie neno la Kiingereza "abandoned", na nimekubali haraka kwa sababu neno hilo liliwahi kunifanya nimuumize mtu ambaye hakustahili. Niliitwa kutafsiri jalada la mtoto. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na pale panapoelezwa kwa nini mtoto halelewi na mzazi wake paliandikwa neno hilo tu. Nikaandika bila kusita: "Mama alimtelekeza." Mama mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu. Alipopewa karatasi aisome kabla ya kutia sahihi, aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, hadi kidole kikafika kwenye neno lile kikasimama. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwalimu, mimi sikumtelekeza mwanangu. Nilimwacha kwa mama yangu, nikaenda kutafuta kazi." Kidole hakikuondoka pale mpaka nilipolikata neno langu nikaandika la kwake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza neno hili, na leo nataka niwaonyeshe nilichokiona.

Kamusi nyingi zitawapa orodha: achwa, telekezwa, tupwa, hamwa, susiwa. Orodha hiyo inadanganya, maana inawafanya mdhani kwamba mnaweza kuchukua lolote. Chukueni "telekeza" peke yake. Huwezi kutelekeza kitu usichokuwa na wajibu nacho. Baba hutelekeza familia, mkandarasi hutelekeza jengo nusu, daktari hutelekeza mgonjwa. Rafiki aliyehamia mbali akapunguza salamu hajakutelekeza, hata kama unaumia. Ndani ya kitenzi hiki kuna mshtakiwa, na mfasiri anayekiandika ameshatoa hukumu. Na angalieni jinsi kilivyo jirani na mwenzake: silabi mbili zikibadilishana nafasi, "mradi umetekelezwa" unakuwa "mradi umetelekezwa". Mimi husoma sentensi za namna hiyo mara mbili, tena kwa sauti.

Kiingereza hakimlazimishi msemaji kumtaja mwenye kosa. Mji wa Pripyat, kule Ukraina, kwa Kiingereza huitwa kila siku kwa neno hilihili. Tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, watu wapatao 49,000 waliondolewa mjini kwa mabasi. Waliambiwa kwamba watakuwa nje kwa siku 3 hivi. Ukiandika "mji uliotelekezwa", unawashtaki watu waliopandishwa mabasi huku wakitumaini kurudi. Kiswahili kina "mji uliohamwa", na palipohamwa tunapaita mahame. Ukuta uliobaki bila paa ni gofu. Hata "hamwa" halinitoshelezi kwa Pripyat, kwa kuwa anayehama huamua mwenyewe. Mimi ningeandika "mji ulioondolewa watu wake". Ni maneno manne mahali pa mawili, na siyaonei haya.

Au ile merikebu Mary Celeste, iliyokutwa Desemba 1872 katika bahari ya Atlantiki ikielea bila mtu. Watu 10 waliokuwemo hawakuonekana tena, na mashua yao ya kujiokolea haikuwepo. Kilichowatoa ndani hakijulikani hadi leo. Basi mfasiri atatoa wapi ujasiri wa kusema waliitelekeza? "Ilikutwa haina mtu" inatosha.

Sasa tuingie kwenye asili ya neno, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa cha zamani, na katika karne ya 14 maana yake ilikuwa kukiweka kitu chini ya mamlaka ya mwingine. Kifaransa kilisema "à bandon", yaani kwa hiari ya fulani, mikononi mwake. Kwa hiyo mwanzoni halikuwa neno la kuacha. Lilikuwa neno la kuachia! Tazameni jinsi herufi moja tu, "i", inavyotufanyia kazi: nimekiacha, nimekuachia. Wa kwanza ameondoka. Wa pili amemkabidhi mtu.

Maana hiyo kongwe haijafa. Katika bima ya baharini, Sheria ya Uingereza ya mwaka 1906 inamruhusu mwenye chombo kilichoharibika kiasi cha kutofaa kuokolewa amwachie mtoa bima mabaki yake na kudai fidia ya hasara kamili. Kitendo hicho huitwa kwa neno letu hili. Mfasiri akiandika "mwenye meli ameitelekeza", msomaji ataona uzembe, kumbe mtu ametumia haki yake. Na yule anayecheza ngoma kwa raha, hajali nani anamtazama, Kiingereza humpa neno hilohilo. Sisi tunasema amejiachia. Nilipoligundua hilo nilifurahi mno, maana lugha mbili zisizo na undugu zilikuwa zimefika penye picha ileile: mtu aliyeulegeza mkono uliokuwa ukimshika. Kiingereza cha zamani kiliipeleka picha hiyo mbali zaidi, hata mtu aliyejiachia kwenye anasa akaitwa hivyo. Huyo kwetu ni mpotovu.

Kwenye huduma za simu, ripoti huhesabu wapigaji waliochoka kusubiri wakakata. Nimeona pameandikwa "simu zilizotelekezwa", nikapata picha ya simu za mkononi zimetupwa sakafuni. Ni simu zilizokatwa kabla ya kupokelewa, basi.

"Achwa" nalo lina mtego wake. Ukisema mwanamke ameachwa, msikilizaji anasikia talaka kabla ya kitu kingine. Basi mwanamke wa kwenye hadithi aliyesahauliwa na ndugu zake, usimwandike "alijiona ameachwa". Ndugu zake wamemtupa mkono. Naye anabaki mkiwa, neno ambalo tunalitumia kidogo mno siku hizi na ninawasihi mlirudishe. Na kichanga kilichokutwa mlangoni, neno letu la Kiingereza humwita kwa kitendo cha aliyeondoka. Kiswahili kina "mtoto wa kuokotwa", kinamwita kwa kitendo cha aliyefika.

Kiingereza kina neno lingine la jambo hili, kongwe zaidi, "forsaken", ambalo mzizi wake ulikuwa kukataa na kukana. Ndilo waliloliweka wafasiri wa Biblia ya Kiingereza katika Zaburi ya 22, katika kilio ambacho Injili inasema Yesu alikirudia msalabani. Wafasiri wa Kiswahili wangeweza kutafuta kitenzi kizito. Waliandika: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Nimekaa na mstari huo miaka mingi. Uzito wote umebebwa na "wangu", inayosemwa mara mbili, na kitenzi kimebaki chepesi kabisa, kile ambacho mtoto hukitumia akiachwa nyuma njiani. "Mbona" imebaki swali. "Umenitelekeza" ingelifunga swali hilo kabla halijajibiwa.

Ndicho kitenzi alichonipa yule mama. Fomu ilitiwa sahihi ikisema: "Alimwacha mtoto kwa bibi yake mzaa mama alipokwenda kutafuta kazi." Nafasi kwenye karatasi haikutosha, nikamalizia pembeni kwa herufi ndogo.

Karibuni kwa maswali.