Kuseti redio ya tahadhari za mafuriko, Budalang'i

Hamjambo watazamaji. Leo tunaseti hii redio ya sola na ya kuzungusha kwa mkono, ili mto Nzoia ukitaka kuvunja kingo habari ikufikie ukiwa bado na nafasi ya kuhama. Mlio Nyando na Ahero, fuateni vilevile.

Kwanza tazama swichi hii: FM, AM, na WB, yaani bendi ya hali ya hewa. Hiyo WB wauzaji huisifu sana, eti redio italia king'ora yenyewe. Marekani ni kweli. Kuna chaneli saba, 162.400 hadi 162.550 megahezi, zinazotangaza hali ya hewa usiku na mchana, na mlio maalumu huiamsha redio. Kwetu hakuna mtambo unaorusha hizo. Sikia... mvumo mtupu. Kitufe kilichoandikwa ALERT kizime, kitakumalizia chaji bure.

Rudisha swichi kwa FM, vuta antena yote. Nyumba ikiwa ya mabati, ukuta na paa, mawimbi yanapenya kwa shida. Hapa kabatini inakwaruza; naisogeza dirishani... umesikia? Piga msumari papo hapo uitundike. Juu kabisa, maana maji yakiingia huanza na vya sakafuni.

Sasa zungusha polepole utafute Bulala FM, redio ya jamii ya hapa Budalang'i, iliyotokana na RANET, mradi wa Idara ya Hali ya Hewa wa kufikisha taarifa za hali ya hewa vijijini kwa redio. Ikishika, finya namba 1 bila kuachia mpaka kioo kimemetee. Namba 2 weka Redio Taifa ya KBC.

Kengele iweke saa moja jioni kasoro dakika tano, uchague iamke na stesheni, si mlio. Taarifa ya habari itakukuta umekaa. Machi hadi Mei ongeza ya asubuhi. Na ukisikia mvua kubwa imenyesha Cherang'any au Mlima Elgon, usitazame mawingu ya hapa. Jua linaweza kuwaka Budalang'i na maji yako njiani. Ng'ombe wapandishwe mahali pa juu, vyeti na vitambulisho vifungwe kwa karatasi ya nailoni, siku hiyo hiyo.

Chaji ijaze kwanza kwa waya wa simu. Hii paneli ndogo ni ya kuongezea tu. Mkono zungusha taratibu, ukiukimbiza gia za plastiki hukatika meno. Redio yako ikitumia mawe, yaani betri, yatoe kiangazi, yakivuja yanakula springi.