Jimbo la Smethwick: kura 1,774 zilizofika hadi Nairobi

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu na wanafunzi mliojaa huko nyuma mpaka mlangoni, shikamooni na habari za jioni.

Nianze na mizani. Waliokulia dukani au karibu na ghala la ushirika wanaijua ile mizani ya chuma ya kupimia magunia, imeandikwa Avery kwa herufi nene. Mimi nilikuwa napanda juu yake mwenye duka akigeuka. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba kiwanda kikuu cha Avery kilikuwa katika mji unaoitwa Smethwick, ndani ya karakana ya Soho Foundry iliyoanzishwa na Boulton na Watt mwaka 1796, watu wa injini ya mvuke. Mji huo umegusana na Birmingham. Ukitembea kwa miguu, hujui umevuka mpaka saa ngapi. Ni mji wa kusubu chuma na kutengeneza vioo. Vioo vya jengo la maonyesho la Crystal Palace la mwaka 1851 vilitoka hapo, kwa Chance Brothers.

Smethwick lilikuwa jimbo la uchaguzi kuanzia 1918 hadi 1974. Miaka 56 tu. Nimeombwa nizungumzie historia ya uchaguzi wa jimbo moja la mjini Uingereza lililofutwa, nikachagua hili kwa sababu moja: mwaka 1964 watu wake walimwangusha mtu mmoja, na mshindo wa kuanguka kwake ulisikika hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Nitafika huko. Ila jimbo hili lilikuwa na vituko tangu siku ya kwanza, na vituko hivyo siwezi kuvipita.

Desemba 1918, vita vimekwisha mwezi uliopita. Wanawake wa Uingereza wanapiga kura ya ubunge kwa mara ya kwanza, waliofika miaka 30 na kutimiza masharti. Wanawake 17 wakagombea nchi nzima. Mmoja wao ni Christabel Pankhurst, yule aliyeongoza mapambano ya kura za wanawake pamoja na mama yake, Emmeline. Alikuja kugombea Smethwick kwa tiketi ya chama chao cha wanawake, na serikali ya mseto ya waziri mkuu Lloyd George ikambariki. Mgombea wa Conservative, chama cha wahafidhina, akaondolewa ili kumpisha. Akabaki na mpinzani mmoja tu, John Davison wa Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi, naye kiongozi katika chama cha wasubu chuma. Davison kura 9,389, Pankhurst 8,614. Tofauti ni 775. Yule mwanamke pekee aliyeshinda mwaka huo, Constance Markievicz wa Dublin, alikataa kwenda kukalia kiti London. Kwa hiyo kura 775 za wasubu chuma ndizo zilizozuia Christabel Pankhurst kuwa mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Uingereza na kukaa. Mjini wanasema chuma hakina huruma. Sijui kama walimaanisha hivyo.

Davison akaugua, akajiuzulu. Uchaguzi mdogo ukaitishwa Desemba 1926, mwaka ule ule wa mgomo mkuu. Labour ikamleta nani? Oswald Mosley. Naona wenye kusoma historia mmeanza kutazamana. Ndiyo, huyo huyo. Mrithi wa ukoo wa kibwanyenye, aliyeingia bungeni kwanza kama Conservative, sasa anawaomba kura wafanyakazi wa viwandani. Wakampa kwa wingi: alishinda kwa kura 6,582. Akawa mbunge wao hadi 1931, akawa pia waziri katika serikali ya Labour, akajiuzulu mwaka 1930 baada ya mpango wake wa kupambana na ukosefu wa ajira kukataliwa. Akaunda chama chake, na mwaka 1932 akaanzisha chama cha Wafashisti wa Uingereza, mashati meusi na saluti za mkono. Simlaumu mpiga kura wa Smethwick kwa hilo, kwa sababu alichagua Labour na hakuchagua mashati meusi. Lakini mkikumbuka hili, hamtashangaa sana kwamba jimbo la wafanyakazi linaweza kugeuka.

Mwaka 1931 Conservative ikalichukua, ikakaa nalo hadi mwisho wa vita. Julai 1945 Labour ikarudi na Alfred Dobbs. Matokeo yalitangazwa tarehe 26. Tarehe 27 Dobbs akafa katika ajali ya gari. Hakuapa, wala hakuona kiti chake.

Uchaguzi mdogo tena, na hapo ndipo anapoingia mtu wetu. Patrick Gordon Walker, mwalimu wa historia kutoka Oxford, msomi, mpole. Alilishika jimbo miaka 19. Kwa sisi Waafrika jina lake lina doa ambalo Smethwick hawakulijali. Mwaka 1950 alikuwa waziri wa uhusiano wa Jumuiya ya Madola, na ni yeye aliyemzuia Seretse Khama, mrithi wa uchifu, kurudi kwao Bechuanaland, Botswana ya leo, kwa sababu amemwoa mwanamke mweupe, Ruth Williams, na serikali ya makaburu kule Pretoria imenuna. Khama hakurudi nyumbani hadi 1956. Mliweke hilo kando kidogo, kwa maana baada ya miaka michache mtu huyu huyu atazomewa mitaani kwamba anawapenda mno watu weusi.

Baada ya vita karakana za Smethwick zilikosa mikono. Kazi ya kusubu ni joto, moshi na vumbi, na vijana wa pale walianza kuikimbia. Wakaja Wapunjabi, wengi wao Masingasinga, ambao sisi huku tuliwazoea kwa jina la Makalasinga. Wakaja Wapakistani na Wajamaika. Kazi walipata, tena za zamu za usiku. Nyumba ndiyo ilikuwa shida, maana zilikuwa chache hata kwa wenyeji. Mwaka 1961 wapangaji wa nyumba za halmashauri mtaa wa Price Street waligoma kulipa kodi, kisa familia ya Kipakistani inataka kupewa nyumba. Baa zilikuwa na chumba ambacho mtu mweusi hahudumiwi. Na hili liliniuma nilipolisoma: hata klabu ya Labour ya mji ule ilikuwa na ubaguzi wake.

Mwaka 1962 serikali ya Conservative ikatunga sheria ya kwanza ya kuwawekea mipaka wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola. Labour ikaipinga vikali, na Gordon Walker alikuwa mmoja wa waliosimama bungeni kuipinga. Nyumbani Smethwick, kiongozi wa Conservative katika halmashauri, Peter Griffiths, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akaona mlango uko wazi. Ushindi wa Gordon Walker ulikuwa ukipungua. Mwaka 1959 alishinda kwa 3,544 tu. Tena alikuwa akiishi London. Griffiths ni mtoto wa hapo hapo.

Kampeni ya 1964 niiseme kwa uangalifu. Palikuwa na kauli mbiu iliyozunguka mjini, kwenye vipeperushi na midomoni mwa watoto: ukitaka mtu mweusi, na neno lenyewe lilikuwa tusi ambalo silitamki mbele ya wazee, awe jirani yako, ipigie Labour. Kwa Kiingereza neno la jirani na jina la chama vina vyake vinaoana. Sisi watu wa mashairi hatuhitaji kuelezwa kwa nini ilishika. Griffiths alisema si chama chake kilichoitoa, lakini alipoulizwa na gazeti la The Times, alisema ni hisia za watu na hawezi kumlaani anayeitamka. Ukaongezwa uvumi kwamba binti za Gordon Walker wameolewa na wanaume weusi. Uongo mtupu. Lakini tazameni uvumi huo ulimwendea nani: aliyemfukuza Khama kwa ndoa!

Na Labour ilijibu nini? Ilichapisha kipeperushi kusema: jamani, haki itendeke, wahamiaji wamekuja kwa wingi miaka hii 13 ambayo Conservative wako madarakani, msimlaumu Gordon Walker. Yaani badala ya kusema hawa ni majirani zenu na wafanyakazi wenzenu, ikasema hata sisi hatukuwaleta. Kwa maoni yangu jimbo lilipotelea hapo. Ukikubali kwamba jirani ni mzigo, mnabaki kubishana tu nani aliutua, na katika mabishano hayo Griffiths alikuwa na sauti kubwa zaidi.

Tarehe 15 Oktoba 1964 kura zikahesabiwa. Griffiths 16,690. Gordon Walker 14,916. Mgombea wa Liberal 3,172. Tofauti ya 1,774. Sasa lijue ajabu lake: usiku huo huo Labour ilishinda nchi. Kwa hesabu yao ya kuhama kwa kura, nchi nzima ilisogea asilimia 3.5 kuelekea Labour. Smethwick ilisogea asilimia 7.2 upande wa pili. Gordon Walker alitoka akizomewa kwa matusi yale yale ya kampeni.

Harold Wilson, Waziri Mkuu mpya, alisimama bungeni akasema Griffiths atakuwa kama mkoma wa bunge. Wabunge wa Conservative wakatoka nje kwa hasira. Maneno makali. Lakini Wilson alikuwa na wingi wa viti 4 tu, na mtu aliyemwandaa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje hana kiti. Akamteua hivyo hivyo. Kwa miezi 3 Uingereza ikawa na Waziri wa Mambo ya Nje asiye mbunge, na katika miezi hiyo ndipo Uingereza iliporuhusu kisiwa chake cha Ascension kitumiwe na ndege zilizopeleka makomando wa Kibelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo. Akatafutiwa jimbo la salama, Leyton, London. Mbunge wa pale akapandishwa Bunge la Malodi, lile lisilopigiwa kura, ili ampishe. Januari 1965 akaanguka tena, kwa kura 205. Akajiuzulu uwaziri.

Smethwick nako halmashauri ikaja na mpango wa kununua nyumba zinazouzwa Marshall Street na kuwapangisha weupe peke yao. Richard Crossman, waziri wa nyumba, akawanyima idhini ya kukopa. Tarehe 12 Februari 1965 Malcolm X, mtetezi wa haki za Waamerika weusi, akatembea katika mtaa huo, akialikwa na Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi. Oktoba iliyotangulia alikuwa huku kwetu, akaonana na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam. Sasa yuko kwenye njia ya baridi yenye nyumba za matofali zilizobanana, wapiga picha wa BBC nyuma yake, anasoma mabango ya nyumba zinazouzwa. Akawaambia waandishi kwamba amesikia watu weusi hapa wanatendewa kama Wayahudi wakati wa Hitler, na kwamba yeye hangengoja matanuri yajengwe. Siku 9 baadaye akauawa New York.

Machi 1966 Wilson akaitisha uchaguzi mwingine, na Griffiths akaanguka kwa kura 3,490. Aliyembwaga, kwa tiketi ya Labour, alikuwa mwigizaji wa jukwaani na redioni, Andrew Faulds, mwenye ndevu na sauti ya ngurumo. Na Faulds alizaliwa wapi? Tanganyika, mwaka 1923, mtoto wa wamisionari wa Kiskoti. Naona mmecheka. Mimi pia nilicheka.

Kwa hiyo wengi huandika kwamba Smethwick ilijirekebisha, aibu ikafutwa. Kiti kilirudi, kweli. Sera haikurudi. Agosti 1965, kabla hata ya kiti kurudi, serikali ya Labour ilikata vibali vya kazi kwa watu wa Jumuiya ya Madola hadi 8,500 kwa mwaka. Ni chama kile kile kilichopinga sheria ya 1962. Crossman aliandika katika kumbukumbu zake kwamba tangu Smethwick ilikuwa wazi kuwa uhamiaji unaweza kuipotezea Labour kura kuliko jambo lolote.

Halafu ikaja 1968. Kenya ilikuwa imepitisha sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na Wahindi wengi waliobaki na pasipoti za Uingereza wakaona maisha yamebana. Wakaanza kupanda ndege Nairobi, mabegi, watoto, bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu. Pasipoti zao zilikuwa halali. Bunge la Uingereza, kwa siku 3, likapitisha sheria: asiye na mzazi au babu mzaliwa wa Uingereza, pasipoti yake haimpi ruhusa ya kuingia. Familia 1,500 kwa mwaka, basi. Serikali ilikuwa ya Labour, ya Wilson yule yule wa mkoma. Na mezani kwenye baraza la mawaziri, akiwa Waziri wa Elimu baada ya hatimaye kuipata Leyton mwaka 1966, alikaa Patrick Gordon Walker.

Jimbo lilifutwa mwaka 1974, likaingizwa katika Warley East, na Faulds akaendelea nalo hadi 1997. Griffiths alirudi bungeni 1979 kwa jimbo la Portsmouth North, mbali na Smethwick, na yeye pia akadumu hadi 1997. Mwaka 2024 mipaka ikachorwa upya na jina la Smethwick likarudi kwenye karatasi ya kura baada ya miaka 50. Aliyeshinda ni wa Labour, Gurinder Singh Josan, Singasinga.

Mama pale mbele ameinua mkono tangu niliposema Nairobi. Mpeni kipaza sauti, tafadhali.