Pikapu ya Umeme, Tela na Upepo

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunikaribisha, ingawa naona kwenye nyuso za baadhi yenu kwamba mmeshanisikia nikilizungumza jambo hili zaidi ya mara moja na mnajua fika ninakoelekea. Nitaelekea huko huko. Swali nililopewa ni kama pikapu ya umeme inamfaa mtu anayevua, anayewinda, anayelala porini mwisho wa wiki, na ambaye Jumatatu asubuhi analihitaji gari hilo hilo limpeleke kazini. Jibu langu ni kwamba inamfaa, na kwamba karibu kila anayebisha hunipa sababu isiyokuwa yenyewe. Hunitajia matope, mito, milima na mawe. Huko kote pikapu ya umeme inajimudu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoishinda ni upepo.

Naam, upepo, msicheke. Gari likishika mwendo wa barabara kuu, kazi kubwa ya betri ni kuipasua hewa, na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, mwendo haujaongezeka hata mara moja na nusu, lakini hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia maradufu. Uzito nao hudai chake wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda mlima, lakini ukishuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya deni betrini. Upepo haurudishi kitu.

Hili nililijua kwa hesabu kabla sijalijua kwa mikono yangu. Mara ya kwanza kuvuta tela kwa pikapu ya umeme, nilivuta boti ya aluminiamu, pana lakini ya kimo kifupi, ambayo pamoja na tela lake ilikuwa na uzito wa kilo 1,200 hivi, nikafika ziwani nikiwa na chaji ya kutosha hata kurudi nyuma kumtafuta mwenzangu aliyepotea njia. Mwezi uliofuata, barabara ile ile na gari lile lile, nilivuta tela la boksi lililojaa mahema, magodoro na baiskeli. Lilikuwa na kilo 700 tu, lakini lilizidi paa la gari kwa zaidi ya nusu mita, na uso wake wa mbele ulikuwa bapa kabisa. Nikajisemea kwamba kwa kuwa mzigo umepungua, nitafika na ziada. Haikupita saa moja nikagundua kwamba kioo cha dashibodi kilichoniahidi kilomita 420 nilipotoka nyumbani kilikuwa kinakata kilomita mbili kwa kila moja niliyokwenda.

Usiku, mvua ikinyesha, nikaingia kituo cha kuchajia nikiwa na asilimia 11. Nafasi zote za kuegesha zilikuwa zimechorwa kana kwamba duniani hakuna mtu mwenye tela: unaingiza pua ya gari, waya unafika kwenye tundu, na mkia unabaki nje. Mkia wangu ulikuwa umeziba njia nzima, na nyuma yangu kulikuwa na dereva anayejua kutumia honi. Ikabidi nilifungue tela. Gurudumu dogo la kulisimamishia likazama kwenye changarawe, pini ya ndoano ikagoma kutoka, hadi mzee mmoja ambaye sijamwona tena tangu siku ile alipokuja akalisukuma kwa bega huku akinimulikia kwa tochi aliyoibana kwa meno. Dakika 20 zikaishia kwenye kulifungua, dakika 50 kwenye kuchaji hadi asilimia 80, na hapo nikaacha, kwa sababu kuanzia hapo betri hupokea umeme kwa kusuasua. Kisha dakika 15 nyingine za kulifunga tena. Tulipomaliza, mzee akaunyosha mkono akaushika ukingo wa juu wa lile boksi, akaitoa tochi mdomoni, akasema, “Mwanangu, wewe umefunga ukuta.”

Tangu siku ile nikiulizwa kama pikapu fulani ya umeme inavuta vizuri, siulizi tela lina kilo ngapi. Nauliza lina kimo gani.

Najua yupo hapa anayesema moyoni kwamba hata gari la petroli hunywa zaidi likivuta tela. Hunywa, tena mara nyingine hunywa karibu maradufu. Tofauti iko kwenye ukubwa wa akiba. Betri kubwa ya Ford F-150 Lightning, gari lililoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2022, ilikuwa na kilowati-saa 131, na lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: betri ile yote, yenye uzito wa mamia ya kilo, imebeba nishati ya lita 15 za petroli, ambazo hazijazi hata dumu la lita 20. Kwa nishati hiyo ndogo gari lilipewa kiwango rasmi cha masafa ya kilomita 515 kwa chaji moja huko Marekani, jambo la kustaajabisha, kwa sababu injini ya petroli hutupa sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto, ilhali mota ya umeme hutupa kidogo sana. Kwa hiyo tunalinganisha bahili mwenye mfuko mdogo na mbadhirifu ambaye, katika F-150 ya petroli, aliweza kuagiziwa tangi la lita 136. Upepo ukija kutoza ushuru wake, bahili ndiye anayeishiwa kwanza, na kujaza mfuko wake upya hakumalizwi kwa dakika tano.

Mtaniambia basi waweke betri kubwa zaidi. Wameweka. Chevrolet Silverado EV imepata betri ya zaidi ya kilowati-saa 200, na toleo lake lenye masafa marefu limepewa kiwango kinachozidi kilomita 700. Kwa mtu anayevuta boti, hilo ni gari la maana. Lakini tazameni GMC Hummer EV, iliyotembea njia hiyo hiyo ikafika uzito wa tani 4 na ushei bila abiria. Gari la tani 4 likikwama topeni, mnahitaji marafiki wengi na winchi isiyo na mzaha.

Na kwa kuwa nimetaja tope, niseme upesi yale ambayo wapinzani wangu huyaruka. Rivian R1T, iliyoanza kukabidhiwa wanunuzi Septemba 2021, imetengenezwa kuvuka maji ya kina kinachozidi mita 1. Mota haivuti hewa, kwa hiyo hakuna njia ya maji kuingia ikaua injini katikati ya mto. Kwenye mawe, nguvu yote inapatikana gurudumu likiwa bado limesimama, na dereva anaigawa kwa ncha ya kidole cha mguu bila kugusa klachi. Kwenye mteremko mrefu gari linajizuia lenyewe na breki zinabaki baridi. Angalizo moja: ukichaji ukajaza asilimia 100 ukiwa juu mlimani, betri haina pa kuweka umeme wa mteremko, na breki zitafanya kazi yote. Kambini, Lightning ilikuwa na soketi zenye uwezo wa kutoa hadi kilowati 9.6, nguvu inayotosha nyumba, sembuse jokofu dogo la samaki na taa mbili. Hakuna jenereta ya kuwaamsha majirani wa kambi.

Mwindaji mmoja aliwahi kunijibu kwamba ukimya huo ndio aliokuwa akiutafuta. Nikamwambia kwamba sheria ya Marekani inalitaka gari la namna hiyo litoe sauti ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu likiwa chini ya kilomita 30 kwa saa, yaani mwendo ule ule anaonyatia nao. Hakufurahi.

Matumizi ya kila siku sitayazungumzia kirefu, kwa sababu hapo mjadala umekwisha. Mwenye mahali pa kuegesha na chaja ya kilowati 7 ukutani anaingiza kilowati-saa 70 kwa usiku mmoja wa saa 10, na hizo zinamtosha kwenda kazini siku kadhaa. Asiye na mahali pa kuchajia usiku asinunue, na asikubali mwuzaji amwambie vinginevyo.

Baridi: hupunguza masafa, kwa kuwa joto la ndani ya gari la petroli ni masalio ya injini, ilhali gari la umeme hulitoa betrini, basi lipasheni joto likiwa bado kwenye chaja. Tairi za porini hula masafa hata bila tela, kwa hiyo msizifunge kwa ajili ya sura. Dumu la umeme halipo, na anayekwenda siku nne mbali na soketi yoyote abaki na dizeli kwa sasa, sitabishana naye.

Desemba 2025 Ford ilipotangaza kwamba Lightning ijayo itabeba jenereta ya mafuta, nilipokea ujumbe mwingi wa rambirambi. Hesabu za biashara zilichangia sana uamuzi huo, lakini jenereta ndani ya pikapu ni jibu la swali la tela, na BYD, kampuni ya magari ya China, ilikwisha kulijibu kwa njia yake Mei 2024 ilipozindua pikapu ya Shark, yenye betri ya karibu kilowati-saa 30 na injini ya petroli ya lita 1.5. Nilikuwa na mengi juu ya uchakavu wa betri, lakini mratibu ameshanionyesha saa mara mbili. Aliyekuja hapa na tela anisubiri nje. Futi ya kupimia ninayo mfukoni.