Furaha Ndogo Ambazo Hatukuziomba

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na wadogo zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, nawasalimu nyote kwa upendo. Baadhi yenu mmeniuliza kama huku ughaibuni, mahali ambapo kila mtu ana haraka na jina la Mungu halitajwi sana njiani, mtu bado anaweza kumwona Mungu akitenda. Leo nitajibu kwa upande mmoja tu, nao ni ule wa mambo madogo ya furaha yanayotujia bila kutarajiwa: basi lililochelewa kidogo likakukuta ukifika kituoni unahema, ujumbe wa rafiki wa zamani unaoingia saa ile ile uliyokuwa ukijiona huna mtu, au sauti ya Kiswahili inayosikika nyuma yako ndani ya treni iliyojaa watu usiowajua. Wapo wanaoyaita haya bahati tu, nami siwagombezi. Mimi nayapokea kutoka mkononi mwa Mungu, na ningependa mnielewe kwa nini.

Kisa kinachonisaidia kuliko vyote ni cha Ruthu, mjane wa Kimoabu aliyemfuata mama mkwe wake, Naomi, hadi Bethlehemu, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Alikuwa mgeni, hakuwa na shamba, akatoka asubuhi kwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji bila kujua ataangukia konde la nani. Msimulizi hataji malaika wala ndoto. Anasema tu kwamba ilitukia akafika katika sehemu ya konde la Boazi, ambaye kumbe alikuwa jamaa ya marehemu mume wa Naomi. Ukimtazama Ruthu mchana ule, unaona mwanamke mwenye jasho aliyefurahi kwamba mwenye shamba amemsemesha kwa upole, akamruhusu kunywa maji ya watumishi wake na kula pamoja nao. Hakuna dalili kwamba alihisi muujiza wowote.

Mkono wa Mungu ulitambuliwa jioni, na aliyeutambua alikuwa Naomi. Aliona wingi wa shayiri, akauliza, “Umeokota wapi leo?”, na aliposikia jina la Boazi akamsifu Bwana ambaye hakuacha wema wake kwa walio hai wala kwa waliokufa. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa amewaambia watu wa mji wasimwite tena Naomi bali Mara, yaani uchungu, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Na sasa kinywa kile kile kinambariki Mungu kwa sababu ya habari njema ya siku moja. Ruthu alileta tukio, Naomi akaleta maana yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua jamaa na historia yake. Mimi nimeona jambo hili likitokea mara nyingi kwenye simu: nampigia mama, namsimulia kitu kidogo kilichonifurahisha, nikidhani ni habari ya kupitisha muda, naye ananyamaza kidogo kisha ananiambia, “Mwanangu, hicho ndicho nilichokuwa nakuombea juzi.” Kama nisingesimulia, furaha ile ingebaki kwangu kama tukio zuri lililopita, na yeye angeendelea kuomba bila kujua kwamba amekwisha kujibiwa.

Wenzetu Waislamu wana aya inayonigusa sana katika Sura ya 93, inayomwagiza Mtume azisimulie neema za Mola wake. Yaani neema inastahili kusemwa.

Huenda mtu akauliza kama Mungu ana nafasi ya vijambo hivi wakati dunia ina njaa, vita na magonjwa. Ni swali la haki. Naikumbuka arusi ya Kana, ambako ishara ya kwanza ya Yesu, kwa mujibu wa Injili ya Yohana, haikuwa kumponya mgonjwa wala kumfufua maiti, bali kuokoa furaha ya arusi iliyotindikiwa divai. Mabalasi 6 ya mawe yalijazwa maji hadi juu, maji yakawa divai, nayo kwa vipimo vyetu yangefika mamia ya lita, wingi unaozidi kabisa mahitaji ya karamu iliyokwisha kuanza. Mkuu wa meza alionja akasifu bila kujua ilikotoka, huku watumishi waliochota maji wakijua. Kwangu, hii inaonyesha kwamba furaha ya watu wa kawaida ina uzito mbele za Mungu, hata pale ambapo hakuna atakayekufa ikikosekana.

Hata hivyo lazima niseme jambo moja kwa uangalifu. Basi likinisubiri mimi, huenda limemchelewesha mwingine anayeenda kumwona mgonjwa wake, na sithubutu kumwambia kwamba Mungu alinipenda mimi zaidi. Yesu mwenyewe alisema Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kwa hiyo naikataa tabia ya kuhesabu mambo haya kama alama za kuonyesha nani yuko karibu na Mungu. Zawadi hupokelewa kwa shukrani. Haigeuzwi kuwa cheti cha ucha Mungu, wala ramani ya kubashiri yatakayotokea kesho. Na kwako unayenitazama ukiwa katika msiba, ambaye kwa muda mrefu hujaona jambo lolote la kukufurahisha, sikuambii uchunguze vizuri zaidi. Zaburi ya 34 inasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, na ukaribu huo hausubiri upate habari njema kwanza.

Kwa wale wanaouliza waanzie wapi, ipo desturi ya zamani ambayo Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliwafundisha wafuasi wake katika karne ya 16: kuipitia siku mbele za Mungu, na kuanza kwa kushukuru kabla ya kuyagusa makosa. Mpangilio huo ni wa busara, kwa sababu wengi wetu tukilala huanza na yaliyoharibika, na usingizi hutuchukua kabla hatujayafikia mema. Mimi naongeza hatua moja niliyoipata kwa Naomi, nayo ni kumtafuta mtu wa kumsimulia. Basi leo jioni muulizeni aliye karibu nanyi kama Naomi alivyouliza, “Umeokota wapi leo?”, na mkimaliza, niandikieni hapa chini mlichosikia, kwa maana nitasoma kila ujumbe na mama naye nitamsomea.