Kamera iliyozimwa si utoro

Mmenialika nizungumzie masomo ya mtandaoni wakati wa Korona kule Omani, na walionisikia zamani wanajua nitaanzia kwenye kamera.

Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020. Chuo nilichokuwa nikifundisha kikatuletea agizo: kila mwanafunzi awashe kamera, asiyewasha ahesabiwe hakuja. Asubuhi ya kwanza nilifungua kompyuta nikakuta visanduku vyeusi vitupu, majina tu. Nikamshikilia binti mmoja: washa, mwanangu, washa. Akawasha. Niliona kona ya godoro, na nyuma yake shuka imetundikwa kwa vibanio vya nguo. Shuka ikateleza upande mmoja. Nyuma yake alikuwapo mama ananyonyesha. Binti akaifunika kamera kwa kiganja, na mimi nikabaki natazama mistari ya mkono wa mtoto wa watu, nasikia sauti: "Ustadhi, samahani."

Ananiomba samahani mimi, niliyeingia kwao bila kupiga hodi!

Najua mtasema, hayo ni ya mabinti, wavulana je? Wavulana nao wana mama na dada. Mwanamke anayepita kichwa wazi ndani ya nyumba yake hakujiandikisha somo langu. Mtasema tena, utajuaje kama mwanafunzi yupo? Muulize swali! Mwite kwa jina! Yule binti ndiye aliyekuwa akinijibu wa kwanza, tena kwa kuandika, maana wadogo zake nao walikuwa wanasoma chumba hicho hicho na hakutaka kuwapigia kelele. Hilo nalirudia kila ninapopewa kipaza sauti, na nitalirudia.

Nilitaka nifike Jordan, ambako serikali ilifungua jukwaa liitwalo Darsak, jina lenye asili moja na "darasa" letu, na masomo yakarushwa kwenye televisheni. Huku watoto wa Kisiria katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, huko huko Jordan, umeme wao haukuwa wa saa zote za siku. Kuna na vijana wa vijiji vya milimani waliopanda jabali kutafuta mtandao. Na mitihani. Lakini mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili, basi mitihani tuiache.

Mlango wa swali lenu naujua: je, agizo nilitii? Kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina la yule binti, niliandika "yupo" muhula mzima. Nikaitwa ofisini. Nikaenda na majibu yake yote nimeyachapisha, nikayaweka mezani.